Ukurasa wa Mzee Harilal

Siku ya kwanza Mektilda Lyaruu alipoingia ofisini kwetu, alimaliza riboni mbili za printa kabla ya chakula cha mchana, nami nikamchukia hapo hapo. Riboni zilikuwa chini yangu mimi Kasmir, fundi wa ofisi, na wakati ule hazikuwa kitu cha kuokota barabarani. Nikamfuata mezani kwake, karatasi zimejaa sakafuni hadi kwenye miguu ya kiti, nikamuuliza kama anachapisha Biblia.

"Programu ya Bhargav, kaka," akasema bila kuinua kichwa. "Nataka kuisoma."

Watu wa kompyuta niliowajua mimi walikuwa wanaoandika programu, wanaouza programu, na wanaolia kwa sababu ya programu. Wa kuisoma sikuwa nimemwona. Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa na hakika kwamba binti huyu hamalizi mwezi.

Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, ghorofa ya pili juu ya duka la mabegi. Mwenyewe alikuwa Mzee Harilal, mzaliwa wa Kisutu, ambaye baba yake alimwachia biashara ya kutengeneza taipureta. Aliniajiri mwaka themanini na tatu, na kwa miaka kadhaa mikono yangu ilikuwa myeusi kwa wino na moyo wangu umetulia. Halafu ikaja ruksa. Kila kitu kikaruhusiwa kuingia nchini, Kariakoo ikafurika redio, mabeseni, viatu na mitumba, na katika makontena hayo hayo zikaja kompyuta. Taipureta zikafa moja moja, nami nikizitazama.

Mwingine angefunga duka. Mzee Harilal, akiwa na miaka hamsini na tano, alinunua kitabu kinene cha lugha ya kuandikia programu iitwayo C, akajifungia stoo miezi mitatu na kompyuta moja iliyokwisha kutumika, akatoka humo anaijua. Mwanawe Bhargav aliporudi kutoka masomoni India alikuta baba yake ameshaandika programu mbili na ameziuza zote. Bhargav akashika usukani wa programu, mimi nikapewa printa.

Mektilda alikuja katikati ya mwaka tisini na tisa, dunia nzima ilipokuwa ikiogopa kwamba kompyuta zitachanganyikiwa mwaka elfu mbili ukiingia. Mzee alitaka mtu wa kupitia programu zetu mstari kwa mstari, atafute kila mahali palipoandikwa tarehe. Mektilda alikuwa na miaka ishirini na sita, digrii ya hesabu kutoka Mlimani, kwao Kibosho, chumba cha kupanga Magomeni. Mjomba wake, Polycarp, aliuza ndoo na mabeseni kwa jumla mtaa wa Narung'ombe, na alikuwa hajamsamehe kwa kukataa kukaa dukani.

"Shule yote ile," alimwambia mbele za wateja, "umeishia kutafuta makosa ya watu? Si uje huku utafute wateja?"

Mwaka elfu mbili ukaingia. Taa ziliwaka, maji hayakutoka, kama kawaida, na kompyuta hazikufanya lolote. Tukajua kazi ya Mektilda imekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu riboni nitakazookoa.

Lakini yule binti alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Alisoma karatasi ya udhamini ya feni. Kadi za michango ya harusi, ambazo sisi wengine tuliangalia jina la bwana harusi tu na kuanza kutafuta visingizio, yeye alizisoma mpaka jina la mtunza hazina. Mwenye nyumba wake wa Magomeni alimpa mkataba wa ukurasa mmoja, akaurudisha una duara tano za kalamu nyekundu; mzee wa watu akapanda mpaka ofisini kwetu kumwona huyo mpangaji anafananaje. Kwa hiyo alipokuwa akitafuta tarehe kwenye programu za Bhargav, macho yake hayakuishia kwenye tarehe. Aliona mengine.

"Kaka Kasmir," aliniambia siku moja tukila mihogo ya kukaanga dirishani, "ukienda sokoni na kikombe, muuzaji akakumiminia mchele kilo tatu bila kutazama kikombe, itakuwaje?"

"Utamwagika chini, nami nitamtukana."

"Kwenye kompyuta haumwagiki chini. Unaingia kwenye kikombe cha jirani. Jirani alikuwa na sukari. Sasa ana mchele, na anautia kwenye chai akidhani ni sukari."

Ndivyo nilivyoielewa lugha ya C, na mpaka leo sijaielewa zaidi ya hapo. Inakuacha ufanye utakalo. Ukitenga nafasi ya herufi ishirini za jina la mtu, akaja mwenye herufi thelathini, kuna amri yake moja, strcpy, itakayomimina zote thelathini bila kuuliza. Zile kumi zitakaa juu ya kitu kingine, labda tarehe, labda neno la siri la mlinzi. Mtu mwema atakuharibia kazi bila kujua, na mtu mbaya atakaa chini apige hesabu aandike herufi ngapi ili afungue mlango usio wake.

Akaandika programu yake mwenyewe, akaiita Chekeche. Kazi ya Chekeche ilikuwa kupita ndani ya programu za wengine na kuchambua kila mstari wenye mazoea mabaya. Mingi ya mistari hiyo haikuwa na kosa, ilifanana tu na kosa, kwa hiyo lazima mtu akae aisome. "Chekeche inakuonyesha pa kutazama," alikuwa akisema, "haitazami kwa niaba yako." Basi anauchapisha mstari, riboni zangu zinakwisha, anausoma kwa kalamu nyekundu. Akiridhika nao, au ukirekebishwa, anaandika pembeni ya mstari ule, ndani ya programu yenyewe, neno moja: nimesoma. Chekeche ikikuta neno hilo inapita zake.

Mara ya kwanza aliyoipitisha Chekeche kwenye programu ya Bhargav ilitoka na mistari mia tatu na kumi na miwili. Bhargav masikio yalimwiva.

"Mia tatu? Dada, hii ni programu au ina surua?"

"Kaa nikuonyeshe mmoja."

"Usinizingue, Mektilda. Nani ana jina la herufi sabini?"

Mektilda akaandika jina la herufi sabini. Kompyuta ikaganda kama samaki wa Feri. Bhargav akasema hiyo ni bahati. Mektilda akaiwasha upya, akaigandisha mahali pengine. Mara ya tatu Bhargav alivuta kiti, akakunja mikono ya shati, na kwa mwezi mzima walikuwa wamekaa bega kwa bega wakirekebisha na kutukanana kwa upendo. Asubuhi ilikuwa "Mambo?" "Poa," na jioni ilikuwa "wewe mchawi wa karatasi". Nikaanza kumpenda kidogo, riboni au si riboni.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kulikuwa na ghala moja la makontena karibu na bandari, sitalitaja jina, lililotaka programu ya kuandika mizigo inapoingia na kutoa ruhusa inapotoka. Kwetu ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Mzee Harilal alimwambia Mektilda waziwazi, sote tukisikia, kwamba ghala likiipokea programu ile atampa ajira ya kudumu na chumba chake mwenyewe cha kusomea. Mpaka hapo alikuwa kibarua wa miezi mitatu mitatu. Alimpigia simu mama yake Kibosho kutoka kibanda cha simu cha mtaani, akarudi macho yamemlowa, nikajifanya nasafisha printa.

Programu ilikuwa na kurasa arobaini. Thelathini na tisa zilikuwa za Bhargav. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa wa Mzee Harilal, aliouandika mwaka tisini na nne kwa mteja mwingine. Bhargav aliuchukua ulivyo kwa sababu ulikuwa unafanya kazi. Kazi yake ilikuwa kupokea jina na anwani ya mteja. Juu kabisa mzee alikuwa ameandika jina lake kamili na tarehe, kama mtu anavyoandika kwenye jiwe la msingi. Chekeche ilichambua mistari tisa kwenye ukurasa ule.

Mchana mmoja mzee alitoka chumbani kwake na ndara zake, akaja kusimama nyuma ya kiti cha Mektilda.

"Na ukurasa wangu, mwanangu? Umeufikia?"

"Nimeufikia, mzee."

"Ehe?"

"Safi, mzee. Hauna tatizo."

Mzee akashuka ngazi mwenyewe, yeye ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua, akarudi na boksi la jalebi, zile za kulowekwa sukari, kutoka Kisutu, akatugawia sote. Yeye alikula tatu, na daktari alikuwa amemkataza hata nusu.

Niseme hapa hapa, maana sipendi hadithi za kufichana: Mektilda alikuwa hajausoma. Aliniambia mwenyewe baadaye. Aliuchapisha, akauweka mezani, akafungua kalamu nyekundu, akaliona jina la mzee pale juu. Mkono ukamgoma. Kalamu nyekundu ni ya mwalimu kwa mwanafunzi, na huyu ni mtu anayempa shikamoo kila asubuhi, aliyempa kazi wakati wengine walikuwa wanamuuliza kama anajua kupiga chapa. Utamchoraje mtu wa namna hiyo? Ukishamchora utamwamkiaje kesho? Akaifunga kalamu, akaandika nimesoma, nimesoma, mara tisa, akafungua ukurasa unaofuata. Ni kosa ambalo mimi ningelifanya, na wewe ungelifanya, kama umelelewa.

Siku ya kuionyesha programu ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, ofisini kwa lile ghala. Tulikwenda wote wanne, mimi nikiwa na printa mapajani. Meneja alikuwa Mama Clotilda, mwanamke mrefu wa miwani ambaye hakucheka tangu tunaingia mpaka tunatoka. Akatueleza anachotaka kukiona. Kila mzigo mpya unapoandikwa, kompyuta iuwekee herufi Z, yaani zuia. Nyaraka zote zikitimia, na si kabla, Z igeuke R, yaani ruhusu, na hapo printa ya getini itoe hati ya kutokea. Bila hati hiyo kontena halivuki geti.

Mektilda alikuwa amemleta mjomba wake Polycarp awe mteja wa majaribio, maana kweli alikuwa na kontena lake la mabeseni pale uani na nyaraka zake zilikuwa hazijatimia hata robo. Nadhani alitaka pia amwone mpwa wake akiwa kazini. Polycarp alikuja amevaa koti la suti katika joto lile, akakaa mbele ya karani, binti aliyeitwa Sofia.

"Jina?" Sofia aliuliza. Polycarp akalitaja. Sofia akaandika.

"Anwani?"

Lazima mjue Mzee Harilal alipouandika ukurasa ule alikuwa na anwani gani kichwani. Alikuwa na sanduku la posta. S.L.P., tarakimu nne, Dar es Salaam, basi. Akalitengea nafasi ya herufi arobaini, akaona amekuwa mkarimu.

"Sanduku la posta?" Sofia akasaidia.

"La nini, binti? Barua nani ataniandikia?" alisema Polycarp. "Mtu akinitaka anakuja. Andika mtaa wa Narung'ombe, nyuma ya mashine ya Rashidi, mlango wa bluu."

Na hiyo ndiyo anwani, jamani. Kariakoo nzima anwani zake ndizo hizo. Mtu yeyote anayeuliza atafika. Sofia akaandika yote kwa herufi kubwa: MTAA WA NARUNG'OMBE NYUMA YA MASHINE YA RASHIDI MLANGO WA BLUU. Akabonyeza.

Kule getini printa ikaanza kulia.

Hesabu mwenyewe kama huniamini, pamoja na nafasi za katikati na kile kikoma cha juu. Herufi arobaini zinaishia kabla ya Rashidi. Ya arobaini na moja ni R. Kikombe cha anwani kilijaa, na R ya Rashidi ikaangukia kikombe cha jirani, na jirani alikuwa yule Z wa kuzuia. Mabaki yakaingia kwenye sehemu ya maoni, ambapo kompyuta sasa ilikuwa imeandika kwa utulivu kabisa: ASHIDI MLANGO WA BLUU.

Mlinzi akaja mbio na hati mkononi. Polycarp akaisoma, akasimama.

"Kontena langu limetoka? Tayari?" Akamgeukia mpwa wake, uso umemng'aa. "Mektilda! Hii kompyuta yenu ni bomba!"

Alikuwa peke yake aliyefurahi. Mama Clotilda aliichukua ile hati kwa vidole viwili.

"Nyaraka zake ziko wapi?"

"Hazijaingizwa, mama," Sofia akasema polepole.

Mama Clotilda akavua miwani. "Anwani ya mtu imefungua geti langu. Hakuiba, hakuhonga, ametaja anapokaa." Akatutazama mmoja mmoja. "Nawapa mpaka Jumatatu. Mje na programu iliyorekebishwa na barua inayosema nani aliikagua na kwa nini hakuona hili. Nataka jina la mtu. Jina la kampuni silitaki."

Tukiwa ndani ya pikapu, Mzee Harilal ameketi mbele, Bhargav alimgeukia Mektilda. Alikuwa anamwonea huruma kweli.

"Sikiliza. Tutaandika kwamba Chekeche haikuuona ule mstari. Ni programu tu, haina mama wa kumwonea aibu. Tunasema tumeacha kuitumia, tumenunua nyingine nje. Mama yule atafurahi. Wewe unabaki salama."

Mektilda akaitikia kwa kichwa. Lakini tulipofika mtaa wa Mkunguni, wenzetu wakapanda, yeye akabaki chini kwenye ngazi, akanishika mkono wa shati.

"Chekeche iliona, kaka. Iliona yote tisa. Mimi ndiye sikutazama."

Akanieleza kila kitu. Nami nikampa ushauri, na ushauri wangu ulikuwa: nyamaza. Sioni haya kusema, maana nilikuwa nampenda sasa, na ile ajira ya kudumu niliiona inaondoka na upepo. Nikamwambia kwamba mzee ameshazeeka, programu haina moyo, na wiki ijayo watu watasahau.

"Na Chekeche nikishaitupa, ghala linalofuata nitalikagua kwa kitu gani? Kwa sala?" akasema. "Halafu mzee atabaki anaamini nilimsoma."

Nikapanda ngazi nimekasirika, sijui kwa nani.

Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Asubuhi, mzee akiwa amemaliza sala yake na udi bado unafuka mbele ya picha ya Lakshmi, Mektilda alibisha hodi. Mimi nilikuwa mle ndani nikibadilisha waya wa simu, nikainuka nitoke, Mektilda akasema, "Baki, kaka." Nikabaki nimeshika bisibisi kama mshumaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hujalala wewe." Mzee alisogeza kiti kwa mguu. "Usijitese. Kosa ni langu, nimeshaliona. Herufi arobaini! Nilikuwa nafikiria masanduku ya posta, na mwenyewe nimekulia mji huu. Ila nakuambia neno moja. Kama wewe uliusoma ukurasa ule na hukuliona, basi hakuna mtu Bongo hii ambaye angeliona. Hilo limenipa moyo."

Hapo ndipo nilipotamani niwe nimetoka. Mektilda alijikaza.

"Sikuusoma, mzee."

"Hukusoma nini?"

"Ukurasa wako. Niliandika nimesoma. Sikusoma hata mstari mmoja. Niliona jina lako nikashindwa. Niliona nitakuvunjia heshima."

Magari ya kubeba mizigo yalikuwa yanapiga honi chini, mtu anauza mabegi kwa spika. Halafu mzee akasogeza kikombe cha chai, akasogeza kalenda, akainua kioo kizima cha juu ya meza yake. Chini ya kioo, pale wengine wanapoweka picha za watoto, palikuwa na ukurasa wa thelathini na moja. Alikuwa ameuchapisha kwa siri, na riboni yangu, na kila nimesoma kati ya zile tisa alikuwa ameipigia mstari kwa penseli na rula.

"Mimi shule niliacha darasa la nane," alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na ingekuwa nafuu kama ingekuwa. "Bhargav ana cheti, kimetundikwa pale nje, mnakiona. Wewe una cha Mlimani. Mimi nilikuwa na hiki. Nimemwonyesha mke wangu. Chandrika hajui hata kuwasha kompyuta, nimemkalisha hapa nikamwambia, tazama, yule msichana asiyemwacha mtu, mimi amenipitisha mara tisa."

Mektilda akaanza kulia. Mimi pia, na sijali nani anajua.

"Samahani, mzee."

"Mwanangu ulimchora mistari mia tatu. Mia tatu! Akawa anakuja nyumbani analalamika, nami moyoni namwonea wivu. Mimi umenipa heshima." Sasa hasira ikaja, akaupiga ukurasa kwa kiganja. "Nani alikuomba heshima? Miaka sita ukurasa huu unafanya kazi mjini, na hakuna kiumbe aliyewahi kuusoma. Nilidhani nimempata mmoja."

Nilitegemea amwambie aende zake. Nadhani na yeye Mektilda alitegemea hivyo, maana alisimama. Mzee akamwonyesha kiti.

"Unakwenda wapi? Kaa. Soma. Kwa sauti, nisikie."

Akakaa, akasoma. Alianza kwa sauti ndogo, kila mstari na maana yake, na kidole kikitembea. Kwenye mstari wa nne alisita.

"Sema."

"Hapa mzee hukuuliza urefu wa jina."

"Kweli sikuuliza. Chora."

Akachora. Ile mara ya kwanza alichora polepole, ya pili haraka kidogo, ya tatu hakungoja kuambiwa. Kufikia mstari wa tano kati ya ile tisa walikuwa wanabishana. Mzee alisema mahali pale hapana hatari kwa sababu kompyuta imeshahesabu herufi huku juu. Mektilda akasema imehesabu, ndiyo, ila imesahau ile nafasi moja ya alama ya mwisho. Mzee akasema anayo. Mektilda akasema, kwa sauti iliyofika duka la mabegi, "Huna, mzee! Umekosea!" Kisha akaziba mdomo kwa mkono. Mzee alivaa miwani, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Sina," akasema. Alikuwa anatabasamu mpaka kwenye masikio.

Bhargav alikuja kuchungulia kujua kuna ugomvi gani, akaambiwa alete chai na afunge mlango. Walimaliza saa nane mchana, ofisi nzima imeshaondoka, na marekebisho waliyafanya pamoja siku ile ile. Nafasi ya anwani waliipa herufi mia mbili, na ya mia mbili na moja ikawa inakataliwa kwa adabu.

Barua Mektilda aliiandika mwenyewe. Bhargav alisema ni kujitia kitanzi, mzee akasema iende ilivyo. Jumatatu Mama Clotilda aliisoma akiwa amesimama, sisi tumepanga mstari kama watoto waliochelewa shule. Ilikuwa fupi. Ilisema: Nilikagua mimi, Mektilda Lyaruu. Ukurasa wa thelathini na moja sikuusoma, kwa sababu aliyeuandika ni mkubwa wangu.

Mama Clotilda aliisoma mara mbili. Akaiweka mezani. Akamtazama Mektilda kwa muda, halafu akageuka akamtazama Mzee Harilal, na nadhani alikuwa na wazee wake mwenyewe kichwani, maana sauti ilishuka kidogo.

"Na sasa? Umesomwa?"

Mektilda alifungua mdomo, lakini mzee alimtangulia. Alikuwa amevaa shati jipya siku ile, amechana nywele kwa maji.

"Amenisoma," alisema Mzee Harilal. "Mistari yote tisa, na nimepata makosa sita."

Aliitamka ile sita kwa nguvu, mbele ya makarani wote, kama mtoto anayetaja matokeo yake nyumbani.